Mohamed Yupi? Nasaba za Garissa na Tatizo la Mtu Mmoja Kuandikwa Mara Tatu

Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyeongoza wanajeshi watiifu kuzima jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na baadaye akawa mkuu wa majeshi ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996, alikuwa ndugu yake Hussein Maalim Mohamed, mbunge kutoka Garissa na waziri katika serikali ya Rais Moi. Mjini Garissa hilo halihitaji kuelezwa. Kompyuta ndiyo isiyojua. Ikiambiwa ifuate utaratibu wa Kisomali, yaani jina la mtu, kisha la baba, kisha la babu, itamsoma wa kwanza kuwa Mahmoud bin Mohamed, na wa pili kuwa Hussein bin Maalim bin Mohamed. Papo hapo ndugu wawili wamegeuka mtu na baba yake mdogo, kwa sababu programu haikujua kwamba Maalim ni cheo cha mwalimu wa Kurani wala si kizazi. Ikiambiwa ifuate utaratibu wa Kizungu, itawapa wote jina la ukoo Mohamed na kuwachanganya na kina Mohamed wengine maelfu ambao hawana nasaba nao.

Familia nyingi za Garissa, Wajir na Mandera leo zina watu katika bula, yaani vijiji, zao za nyumbani, wengine Eastleigh, wengine Minneapolis, Toronto au London. Katika kila upande hakosekani mjukuu mwenye hamu aliyejiandikisha kwenye tovuti za nasaba kama FamilySearch, Geni, MyHeritage au WikiTree na kuanza kuingiza majina ya wazee. Hawajuani, au wanajuana lakini hawakushauriana. Baada ya muda babu mmoja anajitokeza mara tatu, kila mara kwa tahajia yake, na tovuti inaanza kumuuliza mjukuu: je, hawa si mtu mmoja? Majibu ya haraka kwa swali hilo ndiyo yanayoharibu nasaba.

Babu aliyeandikwa mara mbili ni usumbufu tu. Anaweza kusubiri mwaka mzima bila madhara. Lakini wazee wawili wakiunganishwa kimakosa, wake zao, watoto wao na wajukuu wao humwagwa chini ya jina moja, na kuwatenganisha tena humlazimu mtu kupekua mabadiliko moja baada ya jingine, mengine yakiwa yamefanywa na watu asiowafahamu. Kwa hiyo mjenzi wa nasaba akisitasita kati ya kuunganisha na kuacha, aache.

Kaunti ya Garissa inayajua madhara ya madaftari mawili yasiyoelewana kuliko pengine sehemu yoyote ya Kenya. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Katika miaka ya ukame, familia za Wakenya wa jirani zilizopoteza mifugo zilijiandikisha huko ili zipate mgao wa chakula, na watoto wakaandikwa pamoja na wazazi. Watoto hao walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zilikutwa kwenye daftari la wakimbizi na maombi yakakwama. Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Haki na Sheria Initiative lenye makao Garissa, yamekuwa yakitaja watu wapatao 40,000 waliokumbwa na usajili huo wa mara mbili.

Katika mkasa huo mashine haikukosea kuhusu kidole. Kidole kilikuwa cha mtu yuleyule. Kosa lilikuwa katika hitimisho, kwamba mwenye kidole hicho basi ni mkimbizi na si Mkenya. Mjenzi wa nasaba akumbuke kuwa hizi ni kazi mbili. Kwanza aamue kama rekodi mbili ni za mtu mmoja. Kisha, na kwa ushahidi mwingine kabisa, aamue ni rekodi ipi inayosema kweli kuhusu mtu huyo. Tovuti nyingi huziweka kazi hizo kwenye ukurasa mmoja, vitufe vikiwa vimekaribiana, na ndiyo maana watu huzifanya kwa mpigo.

Ili kujua wakati wa kuamini pendekezo la kompyuta, inafaa kujua inavyofikiri. Mbinu kongwe ya kulinganisha majina yanayosikika sawa huitwa Soundex. Mmarekani Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918. Huacha herufi ya kwanza ilivyo, hutupa vokali, na konsonanti zinazobaki huzigeuza tarakimu. Ilitungwa kwa majina ya Marekani. Ikiletwa Garissa mambo yake ni haya: Mohamed hupata M530. Muhumed, M530 pia, vizuri. Lakini Mahamud, ambalo ni jina jingine kabisa, nalo ni M530. Na Maxamed, ambaye ni Mohamed yuleyule aliyeandikwa kwa hati ya Kisomali, hupata M253, mbali kabisa na wenzake. Kwa Ali na Cali hali ni mbaya zaidi, maana herufi ya kwanza haiguswi: A400 na C400 hazitakutana kamwe. Ndivyo ilivyo pia kwa Omar na Cumar, Hussein na Xuseen. Haki itendeke, Fatuma na Faadumo huangukia F350 wote wawili bila matatizo.

Chanzo cha mgawanyiko huo ni mpaka. Somalia ilianza kutumia hati rasmi ya Kilatini Oktoba 1972, ambamo herufi c na x husimama mahali pa sauti za koo. Upande wa Kenya makarani waliendelea kuandika kwa masikio ya Kiingereza. Hivyo binamu wawili, mmoja wa Kismayu na mmoja wa Garissa, humwandika babu yao kwa herufi tofauti, na wote wako sahihi. Hata kwa watu mashuhuri tahajia haikai: gavana wa kwanza wa Garissa huandikwa magazetini Nathif Jama leo na Nadhif Jama kesho.

Halafu kuna mapacha. Wavulana pacha wa Kiislamu mara nyingi huitwa Hassan na Hussein. Baba mmoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja, na kwa Soundex majina yote mawili ni H250. Kompyuta haiwezi kupata nakala inayofanana zaidi ya hiyo. Programu za kisasa zina mbinu bora kuliko ile ya 1918, lakini mapacha bado wanastahili kuandikiwa neno la tahadhari katika maelezo yao siku ileile wanapoingizwa.

Nadharia iliyofuata ilikuwa na busara zaidi. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake nchini Kanada walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuunganisha rekodi za vizazi na ndoa, na mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaiwekea kazi hiyo msingi wa kihisabati. Kiini chake hata mzee wa baraza angekikubali: mambo mawili yakilingana, uzito wa kulingana huko hutegemea uhaba wake. Watu wawili wote kuitwa Mohamed ni ushahidi dhaifu mno. Wote wawili kuitwa kwa lakabu ambayo haisikiki kwingine katika ukoo ni ushahidi mzito.

Hapo ndipo lakabu za Kisomali zinapogeuka mali. Karibu kila mzee ana jina la utani alilobandikwa ujanani, kwa urefu, kwa ufupi, kwa jicho, kwa mguu, kwa kisa fulani, na mara nyingi ndilo analojulikana nalo kisimani na sokoni. Afisi huitupa. Mjukuu wa ughaibuni huionea aibu, hasa inapotaja kilema. Asiione aibu. Katika bula yenye kina Abdi Mohamed kumi, lakabu ndiyo iliyokuwa ikiwatenganisha kabla ya kompyuta kuzaliwa, na itaendelea kuwatenganisha ikiwekwa katika sehemu ya majina mengine, si kuchomekwa katikati ya jina kama kwamba ni baba wa mtu. Lakabu nyingine hurithiwa, wajukuu wakaitwa kwayo, hivyo mzee yuleyule anaweza kuwa kwenye mti mmoja kwa jina lake la kuzaliwa na kwenye mwingine kwa lakabu. Swali la kwanza la kumuuliza mzee lisiwe “aliitwa nani?” bali “watu walimwitaje?”

Vyeo navyo vitengwe: Maalim, Sheikh, Sharif, Haji. Ila wakati mwingine cheo hugeuka jina. Mohamed Yusuf Haji, aliyekuwa mkuu wa mkoa, kisha waziri wa ulinzi, kisha seneta wa Garissa mpaka alipofariki Februari 2021, aliacha wana wanaojulikana nchini kote kwa jina Haji, akiwemo Abdul Haji aliyerithi kiti chake cha useneta na Noordin Haji aliyekuwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Atakayefuata mnyororo wa nasaba atawaandika bin Mohamed bin Yusuf. Atakayefuata magazeti atawapa ukoo wa Haji. Mti mmoja ukitumia njia ya kwanza na mwingine ya pili, tovuti haitawakutanisha. Dawa ni familia kukubaliana kanuni moja na kuiandika waziwazi kwenye maelezo ya mti: sehemu ya jina la ukoo itajazwa nini? Wengi huweka jina la babu. Si kanuni nzuri sana, kwani baba na mwana watakuwa na koo tofauti, lakini kanuni moja mbaya inayofuatwa na wote inatafutika kuliko kanuni nne nzuri. Kisha mnyororo mzima, majina manne au matano, uandikwe kwenye maelezo ya kila mtu, na tahajia nyingine zote ziongezwe kama majina mbadala. Mnyororo ndio kitambulisho halisi. Kuna mamia ya watu wanaolingana kwa jina lao na la baba. Wanaolingana kwa majina matano mfululizo ni wachache mno.

Tarehe ni mtego mwingine. Afisi zinapomsajili mtu asiyejua siku aliyozaliwa huandika Januari 1, na kwa sababu hiyo Wasomali wengi wa Kenya na wa ughaibuni husherehekea, au tuseme hawasherehekei, siku moja ya kuzaliwa. Kompyuta huiona siku hiyo kama ushahidi, haishuku hata kidogo. Mjenzi mwangalifu huifuta siku na mwezi, akabakiza mwaka na neno takriban, kisha akatafuta kitu bora zaidi kuliko kitambulisho: tukio.

Kaskazini Mashariki haina uhaba wa matukio. Kuna mafuriko makubwa ya 1961, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, ukame wa 1974 na 1975 ambao Wasomali huuita daba dheer, mauaji ya Wagalla huko Wajir Februari 1984, kuanguka kwa Siad Barre Januari 1991, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizoleta homa ya Bonde la Ufa hadi Garissa. Bibi hatajua mwaka, lakini atajua kama wakati wa mafuriko ya 1961 kaka yake alikuwa mgongoni, alikuwa akichunga mbuzi, au tayari alikuwa anaachiwa ngamia. Kama alikuwa wa mbuzi na bado si wa ngamia, basi alizaliwa takriban kati ya 1948 na 1955. Mwanya huo wa miaka saba ni mkweli kuliko Januari 1, 1950, na unatosha kumtenga na mtu mwenye majina yaleyale aliyekwisha oa wakati huo.

Mahali pia pachunguzwe kabla ya kukataa ulinganifu. Rekodi inayosema mtu alizaliwa Kismayu, Kenya, si lazima iwe na kosa: Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya mpaka ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Wilaya zilikatwa na kukatwa tena. Aliyezaliwa Garissa katika karatasi za zamani anaweza kuwa wa Ijara au Lagdera katika za sasa, bila kuhama hata hatua moja. Na mfugaji huzaliwa malishoni. Mahali palipoandikwa mara nyingi ni pale penye afisi ya chifu.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mama. Abtirsi, yaani ule mnyororo wa mababa ambao watoto walifundishwa kuukariri, hauna jina la mwanamke hata moja. Serikali nayo ilichelewa, kwani wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwaka 1978 tu, hivyo bibi aliyekufa kabla ya hapo hayumo katika karatasi hizo. Matokeo yake miti mingi ina baba, babu na babu mkuu, na upande wa kina mama ni mapengo. Ni hasara mbili kwa pamoja, maana mama ndiye kipimo bora cha kutenganisha watu. Katika nyumba ya wake wengi si ajabu wana wawili wa baba mmoja kuitwa Mohamed, mmoja Mkubwa na mmoja Mdogo. Mnyororo wao ni uleule hadi mwisho. Mama zao tu ndio tofauti.

Mwanamke wa Kisomali habadili jina anapoolewa, lakini baadhi ya tovuti zimejengwa kwa dhana kwamba atabadili, na mjazaji asiye makini humpa jina la mume. Asifanye hivyo. Amwandike kwa mnyororo wa baba yake, vilevile kama kaka zake. Ajihadhari pia na dumaal, ndoa ya mjane na ndugu wa marehemu mumewe. Hapo mke mmoja ataonekana na waume wawili wenye baba mmoja na babu mmoja, na programu itapendekeza kwa ujasiri mkubwa kwamba waume hao ni mtu mmoja. Tovuti hutoa kitufe cha kusema si yeye; kibonyezwe, na sababu iandikwe kwa sentensi kamili, ili mjukuu mwingine mwakani asiibue hoja ileile. Katika WikiTree na FamilySearch uamuzi kama huo huhifadhiwa.

Majina ya udugu nayo yanahitaji sikio. Kijana wa Garissa humwita adeer mzee yeyote wa rika la baba yake. Kijana aliyekulia Minnesota akisikia hivyo kwenye simu humwandika mzee huyo kuwa ndugu wa baba, na babu akapata mwana wa ziada ambaye baadaye atafanana mno na binamu fulani. Dawa ni kuuliza swali moja tu: baba yake ni nani?

Muda wa kuunganisha ukifika, ulinganifu utafutwe pembeni ya mtu, si kwake peke yake. Kiwango kinachofaa kwa eneo hili ni baba, babu na baba wa babu kulingana, mama kulingana, na angalau ndugu mmoja kulingana. Mama asipojulikana, basi lakabu au mke achukue nafasi yake. Kabla ya kubonyeza, mwenye rekodi ya pili aandikiwe ujumbe. Wengi hujibu, na mara nyingi huwa ni jamaa. Kazi ianzie chini, kwa watu ambao wazee walio hai waliwaona kwa macho, ipande juu polepole. Wengi hufanya kinyume: hukimbilia kwa waasisi wa koo, kina Darod na Samaale, ambao wana nakala nyingi ajabu mtandaoni, wakaanza kuziunganisha. Huko juu vizazi hurukwa na kufupishwa, jambo ambalo mwanaanthropolojia I. M. Lewis alilijadili tangu kitabu chake cha 1961, na mpangilio wa majina una siasa ndani yake. Nani ni mwana wa nani katika kizazi cha ishirini ni suala ambalo koo zinabishania hadi leo, na mjukuu mwenye kompyuta hawezi kulimaliza. Aliache.

Walio hai ni habari nyingine. Kwenye FamilySearch kwa kawaida kila mtumiaji humwona mtu aliye hai katika sehemu yake ya faragha, hivyo mzee aliyeandikwa na wajukuu watano yupo mara tano, na nakala hizo hazikutani mpaka atangazwe kuwa amefariki. Ndiyo sababu nakala hufumka ghafla baada ya maziko. Familia ikijua hivyo, iteue mtu mmoja wa kubadili hali ya marehemu na kuziunganisha rekodi. Ijue pia, kabla ya kuanza, kwamba tovuti hiyo inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo hutumia nasaba katika ibada zake kwa ajili ya wafu. Baadhi ya familia za Kiislamu zitachagua kwingine.

Faragha hapa si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inayahesabu majina ya wazazi, watoto na wenzi wa mtu, pamoja na asili yake ya kikabila, kuwa data nyeti. Wazee wanakumbuka zoezi la kuwapiga msasa Wasomali lililotangazwa mwaka 1989, walipotakiwa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi za rangi ya waridi, na vikwazo vya ziada vya vitambulisho vilivyoendelea mpaka Rais Ruto alipotia saini, mjini Wajir Februari 2025, tamko la kuviondoa. Walio ughaibuni wanakumbuka mwaka 2008, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba undugu mwingi uliodaiwa haukuthibitika. Miongoni mwa wale ambao undugu wao haukuthibitika walikuwemo yatima waliolelewa kama watoto wa nyumba na kuandikwa hivyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na jina moja katika karatasi na jingine katika nasaba. Maadamu yu hai, kuyaweka yote mawili mtandaoni ili rekodi zake ziungane ni kumletea taabu. Yakae kwenye daftari la nyumbani.

Daftari hilo, kwa kweli, lianze kabla ya tovuti. Kila mzee apewe namba yake, na namba hiyo iandikwe kwenye rekodi yake kila mahali atakapoingizwa. Anayerekodi sauti za wazee kwa simu aipe kila faili jina lenye mnyororo wa msemaji, bula yake na tarehe ya mazungumzo, kwa sababu rekodi nazo zikishasambazwa katika makundi matatu ya WhatsApp hurudi kwa majina matatu, na kuna watakaoapa kuwa ni wazee watatu.